Bustani ya uani Dodoma: hesabu ndoo kabla ya mbegu

Mtu akihamia Dodoma kutoka Moshi, Mbeya au hata Morogoro, bustani hulima kama alivyozoea: anainua matuta, anamwaga mbegu, anamwagilia kidogo asubuhi na kidogo jioni. Wiki ya tatu mchicha umepauka, tuta limepasuka nyufa, na lawama inaiangukia mbegu. Mbegu mara nyingi haina kosa. Tuta limeinuliwa mahali lilipotakiwa kuzamishwa, na hesabu ya maji haikupigwa.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na mwaka mzima haipiti sana milimita 550 hadi 600. Hata ndani ya msimu, hasa Februari, husimama wiki mbili au tatu bila kuaga. Kuanzia Mei, kila jani unalochuma uani umelilipia kwa maji ya bomba, ya kisima au ya boza. Kwa hiyo tunaanza na ndoo.

Mboga za majani zilizokwisha kukua, kwenye jua la Septemba na Oktoba, hunywa lita 4 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Chukua 5. Eneo la mita 1 kwa 3 linataka lita 15, yaani robo tatu ya ndoo ya lita 20. Maeneo manne ya namna hiyo ni ndoo tatu kila siku, na tangi la lita 1,000 likitumika kwa bustani peke yake linakauka siku ya 17. Kama maji mtaani kwenu ni ya mgao na tangi hilohilo ndilo la kupikia, kufulia na kuogea watu watano, usilime mita za mraba 12. Lima 6. Mita 6 zilizoshiba maji huzaa kuliko 12 zenye kiu, kwa sababu mboga ikipata kiu mara mbili tatu hukimbilia kutoa maua, na ikishatoa maua majani yake huwa magumu na machungu.

Maji ya kuoshea mboga, mchele na matunda yaende bustanini yote. Ya kufulia nguo kwa sabuni ya unga hapana. Yana sodiamu nyingi, na udongo wetu haudai nyongeza ya hiyo. Msimu wa mvua, bati la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 10 tu hutoa lita 400 na ushee, ukiwa umefunga mfereji na pipa liko chini yake. Wengi hufunga mfereji Januari, mvua za kwanza zikiwa zimeshapita.

Kuhusu chumvi: onja maji ya kisima kabla ya kuyategemea. Ulimi ukiyakataa, mmea pia utalalamika. Dalili ni ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani kuungua, zikianza na majani ya zamani. Karoti, vitunguu na maharage husalimu amri mapema. Spinachi na bitiruti huvumilia zaidi. Kosa linaloharibu zaidi hapa ni kunyunyizia maji kidogo kidogo kila siku. Maji yanaishia juu, jua linayakausha, chumvi inabaki palepale kwenye mizizi. Mwagilia kwa kushibisha, kisha ruka siku moja au mbili kufuatana na udongo. Mara moja kwa mwezi mwaga ndoo mbili kwa kila mita ya mraba kwa mkupuo mmoja, ya bomba ukiweza, ili chumvi isukumwe chini.

Sasa mahali. Mboga za majani zinataka jua saa tano au sita kwa siku, na heri liwe la asubuhi. Upande wa mashariki wa nyumba ni bora: jua la kuanzia saa 1 hadi saa 7 linafika, halafu nyumba yenyewe inatoa kivuli cha alasiri. Ukuta nao una hesabu zake. Mwezi Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, na ukuta wa mita 2 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 1 kuelekea kusini hata saa sita mchana. Ukibana bustani kusini mwa ukuta mrefu, mboga za kipupwe zitarefuka shingo bila kunenepa.

Upepo tunauogopa kuliko jua. Kati ya Juni na Oktoba unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, mkavu, karibu kila siku, na unanyonya maji ya jani kabla mzizi haujaleta mengine. Ukiona sukuma wiki imenyauka saa 8 mchana na udongo wake una unyevu, huo ni upepo. Ukiongeza maji unaozesha mizizi bure. Weka kizuizi cha mabua ya mtama au uwele upande unakotoka, urefu wa mita 1 na nusu, usikizibe kabisa. Kizuizi kisichopitisha upepo hata kidogo huufanya uruke juu na kupiga kwa nguvu nyuma yake. Mabua yenye nafasi za kidole kidole huupunguza makali.

Chombo chetu kikuu ni kijaruba, yaani kitanda cha mboga kilichozamishwa na kuzungushiwa kingo, na hapa ndipo inafaa kutulia. Tuta la kuinuliwa ni la nchi ya maji mengi: linaondoa maji. Kijaruba kinayashika, kinaukwepa upepo, na udongo wake haupati joto la pembeni.

Usichimbe udongo mkavu. Kiangazi udongo mwekundu wa Dodoma unakuwa kama tofali, na jembe linatoa mabonge ambayo hayalainiki hata ukiyapiga. Jioni ya kuamkia kazi, mwaga ndoo nne kwenye mita 1 kwa 3, polepole, ndoo ya pili baada ya ya kwanza kunywewa. Asubuhi jembe litaingia. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande. Ukishakanyaga ndani umeshindilia ulicholegeza.

Toa udongo wa juu wa sentimita 20, uweke upande mmoja. Huo ndio wenye uhai. Toa tena sentimita 15 za chini yake, weka upande mwingine, usichanganye. Kisha kwa sururu legeza sentimita 20 zinazofuata bila kuzitoa, maana huko chini mara nyingi kuna tabaka gumu linalozuia mzizi. Mwaga ndoo moja ya samadi iliyoiva juu ya hapo palipolegezwa. Rudisha udongo wa juu ukiuchanganya na ndoo mbili nyingine za samadi. Udongo wa chini uliobaki pembeni ndio wa kujengea kingo: upana sentimita 20, kimo 10 hadi 15, ushindiliwe kwa mguu ukiwa na unyevu. Ukimaliza, uso wa kijaruba uwe chini ya usawa wa uwanja kwa sentimita 10 hivi.

Kabla ya mbegu, mwaga ndoo moja ya maji upande mmoja na utazame yanakokwenda. Yakikusanyika kona moja, sawazisha kwa reki, umwage tena. Watu huona huku ni kupoteza maji. Lakini kijaruba kilichoinama kitasomba mbegu zote hadi kona hiyo, na utapata kichaka kona moja na jangwa kwingine.

Samadi si shida kwetu, mazizi ya ng'ombe na mbuzi yapo kila upande wa mji. Shida ni samadi mbichi. Ya kuku ndiyo kali kuliko zote. Irundike na majani makavu, iloweshe, igeuze kila wiki kwa miezi miwili. Ya mbuzi huja kama gololi ngumu. Ukiitia hivyohivyo, siku ya kwanza ya kumwagilia inaelea yote juu ya maji na kubaki hivyo. Iponde kwa mchi au uikanyage ikiwa na unyevu. Kujua kama samadi imeiva: chukua viganja viwili, ilowanishe, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ikae kivulini siku tatu. Ukifungua ikakupiga puani na harufu ya mkojo, bado. Ikinuka udongo wa mvua, tumia.

Mchicha ndio wa kuanzia kwa sababu unasamehe, na unakufundisha kumwagilia. Kwa kijaruba cha mita 1 kwa 3, kijiko cha chai kisichojaa kinatosha. Mbegu ni ndogo kama vumbi la pilipili manga, na ukiirusha kwa vidole utaimaliza kwenye robo ya kwanza. Ichanganye na kikombe cha mchanga mkavu ndipo umwage. Chora mistari kwa kijiti, kina nusu sentimita, nafasi sentimita 20. Funika kwa samadi iliyochekechwa, isizidi unene wa ukucha. Mbegu iliyozikwa sentimita 2 haitoki, na udongo ukifanya gamba juu haitoki kabisa.

Kisha tandaza nyasi kavu nyembamba, umwagilie juu ya nyasi. Kopo la kumwagilia liwe la matundu madogo. Kama huna, toboa kitako cha kopo la plastiki kwa sindano ya gunia iliyopashwa moto, matundu ishirini hivi. Zungushia majivu kwenye kingo, kwa sababu sisimizi wakigundua mbegu ya mchicha wataihamisha usiku mmoja na hutajua kilichotokea. Majivu yakilowa hayana kazi tena, yarudie. Lakini usigeuze mchezo: majivu ya kila wiki mwaka mzima yanaongeza magadi kwenye udongo ambao tayari unayo.

Siku ya tatu hadi ya tano miche inachomoza; Juni na Julai, usiku ukiwa na baridi, subiri hata wiki. Ukiona vichwa vyekundu au vya kijani vimeanza, toa nyasi jioni ileile. Ukichelewa siku mbili, miche hurefuka na kupauka kama uzi, na jua la kwanza huilaza chini. Miche ikianguka makundi makundi, shina limenyongeka usawa wa udongo na kuwa jembamba, hicho ni kinyausi. Huletwa na msongamano na maji ya jioni yanayolala kwenye miche usiku kucha. Punguza, mwagilia asubuhi kabla ya saa 2, na usipande tena palepale mwezi huo.

Wiki ya pili ng'oa iliyobanana, uache sentimita 5 hadi 10 kati ya mche na mche. Iliyong'olewa ni mboga ya siku hiyo, tena laini kuliko zote. Wiki ya nne kuna njia mbili: kung'oa wote na kupanda upya, au kukata ukiacha shina la sentimita 10 lenye vifundo vya kuchipua. Kukata huleta mavuno mawili au matatu, kila baada ya siku 10 hadi 14. Sisi tunapendelea kung'oa wakati wa joto, maana vichipukizi vya Oktoba hutoa maua haraka mno, na kukata wakati wa kipupwe. Vijaruba visipandwe siku moja. Kimoja leo, kingine baada ya siku 10, vinginevyo utagawa mchicha kwa majirani wiki moja na kuununua mwezi mzima unaofuata.

Chainizi hufuata njia hiyohiyo, ila nafasi ni sentimita 25 na heri aote Mei hadi Agosti. Nje ya hapo joto humpandisha maua. Sukuma wiki isiwe ya kumwaga mbegu kijarubani. Iweke kitaluni wiki nne, ihamishe jioni ikiwa na majani manne hadi sita, sentimita 45 kila upande, na siku tatu za kwanza ifunike kwa majani ya mwarobaini yaliyochomekwa upande wa magharibi. Chuma majani ya chini tu, uache matano au sita juu. Anayechuma kutoka kichwani amechinja mti. Ikitunzwa hivyo inakaa mwaka na zaidi.

Kwa asiye na muda, matembele. Kata mashina ya sentimita 30, zika theluthi mbili kwa kuyalaza mshazari, sentimita 30 kati yao, maji kila siku kwa wiki moja, halafu hata ukisafiri siku nne utayakuta.

Matandazo yawe sentimita 3 kwa Dodoma, si 10 kama vitabu vinavyopenda. Sababu ni mchwa. Tabaka nene likikauka juu ni karamu kwao, na wakimaliza nyasi huhamia kwenye shina la nyanya. Nyasi au mabua ya uwele yakatwe urefu wa kidole, yasiguse shina, na yaloweshwe kila unapomwagilia. Mchwa hushughulika zaidi na kilichokauka.

Nyanya tunamshauri mgeni aiache hadi msimu wa pili. Inataka maji yasiyoyumba. Ukiinyima siku tatu kisha ukaizamisha, matunda huoza kitako, doa jeusi linalozama chini ya tunda, na watu hukimbilia duka la dawa kununua kiuakuvu. Huo si ugonjwa wa kuvu. Kalsiamu haikufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikatika. Halafu kuna kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya. Ukiona jani lina madirisha meupe yanayopitisha mwanga, na ndani yake kiwavi kidogo na vinyesi vyeusi, kata majani hayo, yafunge kwenye mfuko wa plastiki, uyaache juani wiki nzima. Usiyatupe kwenye mboji, humo atakua vizuri tu. Kwa mashina manne au matano ya uani, ukaguzi wa kila siku ya pili kwa macho na vidole unashinda bomba la dawa.

Kwa maji ya nyanya na pilipili, chupa ya lita moja na nusu inasaidia sana. Kata kitako, toboa kifuniko matundu mawili kwa sindano, ichomeke kichwa chini sentimita 10 ardhini, sentimita 15 kutoka kwenye shina. Weka kipande cha kitambaa ndani ya shingo, vinginevyo mchanga unaziba matundu siku ya tatu. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ukizikwa hadi shingoni na kufunikwa, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na hulisha duara la sentimita 30 hadi 40 kila upande.

Utitiri mwekundu ni mdudu wa nchi kavu hasa. Jani linakuwa na vidoti vya njano, chini yake kuna utando mwembamba. Haupendi maji, kwa hiyo piga maji chini ya majani asubuhi kwa siku nne mfululizo. Vidukari kwenye sukuma wiki huondolewa kwa maji ya mwarobaini: twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka kwenye lita 5 za maji usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ili dawa ishike jani, nyunyiza saa 11 jioni. Ukinyunyiza mchana jua linaivunja nguvu. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Mwarobaini umejaa mitaani kwetu hadi tumesahau kwamba ni dawa.

Viungo havina maneno mengi. Rozimari na mchaichai ni kama vimezaliwa hapa: rozimari hufa kwa maji mengi kuliko kiu, na mchaichai gawa shina moja lenye mizizi, kata majani yabaki sentimita 15, panda. Nanaa iwe kwenye ndoo yenye matundu kitakoni, kivulini nusu siku; ukiiachia ardhini itateka kijaruba kizima. Vitunguu majani nunua fungu sokoni, kula majani, zika vitako vyenye mizizi. Giligilani ndiyo yenye deko: kila punje ni mbegu mbili zilizoshikana, zisage taratibu kwa chupa zigawanyike, loweka usiku mmoja, panda Mei hadi Julai papo hapo bila kuhamisha. Ikihamishwa hutoa maua. Tangawizi achana nayo, hewa yetu ni kavu mno.

Bustani ya kiroba inasifiwa sana, na kwa mpangaji asiye na ardhi ni msaada. Ila jua na upepo wa hapa hulichakaza gunia la plastiki kabla ya mwaka kwisha, na mimea ya pembeni hukauka kwanza. Kama huna budi, jaza mchanganyiko wa udongo ndoo mbili, samadi moja, mchanga moja. Nguzo ya kokoto ya katikati iwe pana sentimita 15 na ifike hadi chini, la sivyo nusu ya chini haitaona maji. Na kiroba kisizidi kimo cha goti na nusu. Kukiegemeza ukuta wa magharibi wa nyumba ni kukichoma.

Mvua zikifika, mambo yanageuka. Kijaruba kinachoshika maji Septemba kitazamisha mboga Januari, kwa hiyo kata mlango wa upana wa jembe kwenye kingo upande wa chini, uuzibe tena Aprili. Na usipalilie kila kitu. Mgagani na mlenda huota vyenyewe Desemba palipowekwa samadi. Acha mashina kadhaa yakue, yakomae na kudondosha mbegu hapohapo. Kinachozidi ni cha kukausha kwa ajili ya kiangazi, kama Wagogo wafanyavyo miaka yote. Majani ya mgagani au ya kunde yachemshe dakika 2 hadi 3, yachuje, yatandaze mahali penye kivuli na upepo, tabaka moja tu, uyageuze asubuhi na jioni. Siku ya tatu shika jani: likikunjika, lirudishe, likivunjika kwa mlio, ndoo yenye mfuniko inasubiri.